Mali Bila Daftari: Jinsi ya Kupima Ubora wa Video Itokayo Mtandaoni

Wahenga hawakupoteza maji ya midomo yao waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani nilidhani methali hii inawahusu wenye maduka tu. Muhula uliopita nilijifunza kwamba inamhusu hata mtu anayetazama video kwenye simu. Hebu nitegeeni sikio.

KISA KILICHONIFUNGUA MACHO

Shule yetu ni ya kutwa. Maabara yetu ina bureti chache mno, na siku ya jaribio la kemia tulizunguka bureti moja watu wanane. Aliyesimama nyuma aliona visogo vya wenzake, basi. Mwalimu wetu alituhurumia. Akajirekodi kwa simu yake akifanya lile jaribio, akaiweka mtandaoni video ya dakika 10. Ndani yake anadondosha asidi katika alkali mpaka ile rangi ya waridi ya fenolftalini inapotoweka. Kazi yetu ya nyumbani ilikuwa moja: tazama, kisha uandike bureti inasoma ngapi.

Jioni ile niliazima simu ya mama. Mama huuza mboga sokoni, na bando lake ndilo la kuulizia bei kwa wakulima kabla ya gari la alfajiri kuondoka. Nilibonyeza video. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Picha ilipokuja ilikuwa na ukungu kama kioo cha matatu wakati wa mvua. Ikaenda kidogo, ikasimama, ikaenda, ikasimama. Mwishowe rangi ilitoweka, mwalimu akasema, "Sasa someni kipimo," nami nikaona mstari wa kijivu tu. Ni 24.6 au 24.8? Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu bando likakata.

Alfajiri mama alipotaka kuuliza bei ya sukuma wiki, simu ilikuwa kavu. "Mwanangu," akaniambia, "ulikuwa unasoma ama ulikuwa unatazama sinema?" Sikuwa na jibu. Daftari langu la kemia lilikuwa tupu.

Jumamosi nilipiga moyo konde nikaenda kulalamika kwenye duka la wanaotuuzia mtandao. Mhudumu hakuwa mkali hata kidogo. Aliuliza tu: "Ilisumbua saa ngapi? Ilisimama mara ngapi? Picha ilikuwa kiwango gani?" Jameni, nilisimama pale kama mlingoti! Nilichokuwa nacho ni neno moja tu, "mbaya". Na neno "mbaya" halipimiki.

Nilirudi nyumbani shingo upande, lakini nikaapa kwamba nitajua namna ya kupima. Haya ndiyo niliyoyapata.

VIDEO HUSAFIRI VIPI?

Video ya mtandaoni haiji nzima nzima kama gunia la mahindi. Imekatwa katika vipande vifupi vya sekunde chache chache. Kila kipande kinasafiri kikiwa kimegawanywa tena katika pakiti ndogo ndogo, kutoka kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva mpaka kwenye simu yako. Simu huviweka vipande hivyo katika akiba inayoitwa bafa.

Fikiria mtungi wa maji nyumbani. Mfereji unaujaza, nawe unachota kwa kikombe. Mfereji ukipunguza maji kwa muda mfupi, hutahisi kitu, kwa sababu mtungi una akiba. Lakini ukichota kwa kasi kuliko mfereji unavyojaza, mtungi utakauka, nawe utangoja. Huko kungoja ndiko kile kiduara kinachozunguka.

Kuna jambo la pili. Kila kipande kimetayarishwa katika viwango kadhaa vya picha: 144, 240, 360, 480, 720, 1080 na kuendelea. Nambari hizo ni idadi ya mistari ya nukta, yaani pikseli, kutoka juu mpaka chini ya picha. Simu ikiona mtungi unapungua, inaagiza kipande kinachofuata katika kiwango cha chini. Utaratibu wa pamoja wa kufanya hivyo, uitwao DASH, ulichapishwa kimataifa mwaka 2012. Kumbe ule ukungu niliouona haukuwa ugonjwa wa simu ya mama! Simu ilikuwa inajitahidi nisikae gizani.

VIPIMO VYA NJIA NA VIPIMO VYA JICHO

Wataalamu hupima mambo ya aina mbili, na ni vizuri tusiyachanganye.

Aina ya kwanza ni vipimo vya njia. Hapa tunauliza: mtandao unapitisha megabiti ngapi kwa sekunde? Pakiti inachukua muda gani kufika? Je, muda huo hautabiriki, pakiti hii ikifika upesi na ile ikichelewa? Ni pakiti ngapi zinazopotea njiani? Katika video iliyorekodiwa, pakiti iliyopotea kwa kawaida hutumwa tena, kwa hivyo hasara yake ni kungoja. Katika mazungumzo ya ana kwa ana kwa video hakuna wakati wa kungoja, ndiyo maana uso wa mtu huvunjika vipande na sauti ikakatikakatika.

Aina ya pili ni vipimo vya jicho, yaani yale anayoyapata mtazamaji mwenyewe. Video ilianza upesi? Ilisimama? Picha ilisomeka?

Rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja alipenda kujigamba kwamba simu yake ina megabiti 10 kwa sekunde. Alipima kwa zile programu za kupima kasi. Lakini video ya mwalimu ilimsumbua naye pia! Mbona? Kwa sababu kipimo cha kasi huchukua sekunde chache tu, na mara nyingi kinazungumza na seva iliyo karibu. Video ya dakika 10 inahitaji mfereji usiokatika kwa dakika zote 10, na pengine seva yake iko mbali. Gari linaweza kukimbia sana penye lami na bado lichelewe kufika kwa sababu ya foleni.

Na njia yenyewe ni ndefu ajabu. Nyaya za chini ya bahari zilianza kutua Mombasa mwaka 2009, zikiwemo TEAMS na SEACOM, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini huko kusini, na mtandao ukazorota Kenya na katika nchi jirani. Siku kama hiyo hata ukiwa karibu na mnara wa simu, utangoja. Kwa hivyo usikimbilie kumlaumu mtu kabla ya kupima.

VIPIMO VINNE VYA KUANDIKA DAFTARINI

Huhitaji mashine. Unahitaji saa, kalamu na daftari. Chora safu nne.

1. Muda wa kuanza. Hesabu sekunde toka unapobonyeza mpaka picha inapoanza kwenda. Usidharau sekunde hizi. Mwaka 2012 wataalamu S. Shunmuga Krishnan na Ramesh Sitaraman walichapisha utafiti wa video zilizotazamwa mara milioni 23. Waligundua kwamba watu huanza kukata tamaa na kuondoka baada ya sekunde 2 tu, na kila sekunde 1 inayoongezeka huongeza wanaoondoka kwa asilimia 5.8.

2. Idadi ya kusimama. Piga kijistari kila video inapokwama.

3. Jumla ya muda wa kusimama. Ongeza sekunde zote za kukwama, kisha utafute asilimia. Huu hapa mfano wangu wa jioni saa mbili. Video ni ya dakika 10, yaani sekunde 600. Ilikwama mara 6, jumla sekunde 150. Muda wote niliokaa ni 600 + 150 = 750. Basi 150 ÷ 750 × 100 = asilimia 20. Yaani katika kila dakika 5 nilizokaa mbele ya simu, dakika 1 nzima nilikuwa natazama kiduara! Ndiyo sababu ya kuandika jumla na idadi pia: kukwama mara 1 kwa sekunde 60 si sawa na kukwama mara 20 kwa sekunde 3 kila mara, ingawa jumla ni ile ile.

4. Kiwango cha picha. Andika nambari inayoonyeshwa, na kama ilibadilikabadilika, andika mara ngapi.

Juu ya ukurasa andika tarehe, saa, na mahali ulipoketi. Mimi niligundua kwamba ndani ya nyumba yetu ya mabati video ilisumbua kuliko nje chini ya mwembe, kwa kuwa mabati huzuia mawimbi ya simu. Niligundua pia kwamba saa kumi na moja alfajiri video ile ile ilianza baada ya sekunde 3 na haikukwama hata mara moja. Simu ni ile ile, bando ni lile lile. Tofauti ni kwamba saa mbili usiku mtaa mzima unachota katika mfereji mmoja.

Wenye nafasi ya kutumia tarakilishi shuleni wanaweza kuona zaidi. Fungua video katika YouTube, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha, uchague takwimu za video. Utaona akiba iliyo kwenye bafa kwa sekunde, na idadi ya picha zilizoangushwa.

ALAMA ZA WATU

Je, picha yenyewe ni nzuri au mbaya? Hapa dunia nzima hutumia njia inayofanana na ya mwalimu anayesahihisha insha. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, wenye makao yake Geneva, umeweka kanuni za kuwakalisha watu mbele ya picha na kuwaomba watoe alama: 5 ni bora sana, 4 nzuri, 3 ya wastani, 2 hafifu, na 1 mbaya. Kanuni zake za kupima picha za televisheni zilianza mwaka 1974 na zimesahihishwa mara nyingi tangu hapo. Zinasema watazamaji wawe angalau 15, wapimwe macho kwanza, na wakae umbali uliopangwa. Kisha wastani wa alama unatafutwa.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme wanachama 15 wametazama video. Watu 5 wametoa alama 4, watu 8 wametoa 3, na watu 2 wametoa 2. Jumla ni 20 + 24 + 4 = 48. Wastani ni 48 ÷ 15 = 3.2. Video ni ya wastani, imepita kidogo.

Lakini ngoja kwanza. Wale wawili waliotoa 2, kwa nini walifanya hivyo? Wastani hausemi. Pengine ndio pekee waliojaribu kusoma nambari za bureti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukipata wastani, warudie waliotoa alama ya chini uwasikilize.

ALAMA ZA MASHINE

Huwezi kuwaita watu 15 kila mara video inapowekwa mtandaoni. Kwa hivyo wataalamu wametunga njia za kuifanya tarakilishi ilinganishe picha asili na picha iliyobanwa.

Njia ya zamani inaitwa PSNR, na habari njema ni kwamba sisi wa kidato cha tatu tunaiweza, kwa kuwa inatumia logi. Chukua kila nukta ya picha asili, uondoe thamani ya nukta ile ile katika picha iliyobanwa, tofauti uizidishe kwa yenyewe, kisha utafute wastani wa nukta zote. Thamani kubwa kabisa ya nukta ni 255, na 255 × 255 = 65,025. Tuseme wastani wa tofauti zako ni takriban 65. Basi 65,025 ÷ 65 ni kama 1,000. Logi ya 1,000 ni 3. Zidisha kwa 10, unapata desibeli 30. Nambari ikipanda, picha iko karibu zaidi na ile asili.

Ila njia hii ina kasoro. Inahesabu kila nukta sawa, ilhali jicho la binadamu halifanyi hivyo. Doa usoni pa mtu tunaliona mara moja, na doa katikati ya majani hatulioni. Mwaka 2004 Zhou Wang, Alan Bovik na wenzao walileta SSIM, inayolinganisha umbo la picha badala ya nukta moja moja. Mwaka 2016 kampuni ya Netflix ikatoa VMAF kwa yeyote kuitumia bure. Hiyo inatoa alama kutoka 0 hadi 100, na imefundishwa kwa kutumia alama zilizotolewa na watu. Kwa hivyo hata mashine ilibidi iende shule kwa binadamu!

UBORA WA KAZI GANI?

Sasa nifike kwenye jambo lililonichelewesha usingizi. Nilipoitazama tena video ya mwalimu, niliona kwamba dakika 8 za mwanzo anaeleza kwa maneno. Pale kiwango cha 144 kinatosha kabisa, maana ninachohitaji ni sauti. Dakika 2 za mwisho ndizo za bureti, na pale hata 240 haikunisaidia. Nambari zilisomeka kwenye 480.

Mnaona? Mashine ingetoa wastani wa video nzima na kusema ni nzuri. Lakini kwangu mimi mwanafunzi, ubora wote wa video ile ulikuwa katika mistari midogo ya bureti. Picha nzuri ni ile inayokufanyia kazi uliyoijia.

Tupige hesabu ya pesa. Tuseme kiwango cha juu kinakula megabiti 2 kwa sekunde. Dakika 10 ni sekunde 600, kwa hivyo megabiti 1,200. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 150. Sasa tuseme dakika 8 umetazama kwa megabiti 0.25: 480 × 0.25 = 120, gawanya kwa 8, megabaiti 15. Dakika 2 zilizobaki kwa megabiti 2: 120 × 2 = 240, gawanya kwa 8, megabaiti 30. Jumla ni 45. Umeokoa megabaiti 105, na kipimo umekisoma! Bandu bandu huisha gogo, na bando vilevile.

NILIPORUDI NA DAFTARI

Baada ya majuma mawili nilirudi kwa yule mhudumu. Safari hii sikubabaika. Nilimfungulia ukurasa: jioni sekunde 14 za kuanza, kukwama mara 6, asilimia 20, alfajiri sekunde 3, kukwama sufuri. Aliusoma wote, akaita mwenzake, wakaandika malalamiko yangu kwa saa na mahali. Alinieleza kwamba jioni watu ni wengi kwenye mnara wetu. Sitatia chumvi: hadi naandika makala haya, jioni mambo ni yale yale. Lakini angalau malalamiko yangu sasa yana miguu ya kusimamia.

Shuleni ukurasa ule ulifanya kazi upesi. Nilimwonyesha mwalimu. Alinyamaza kidogo, akauliza ni wangapi darasani walioshindwa kusoma bureti. Mikono iliinuka mingi kuliko nilivyodhani. Kumbe wengi waliona haya, wakanakili jibu kwa jirani! Tangu siku hiyo mwalimu huleta video zake katika chumba cha tarakilishi, tunanakili kwenye kadi ya simu kabla ya kwenda nyumbani, na hakuna anayegusa bando la mzazi. Tena husogeza kamera karibu na bureti.

Jibu lilikuwa 24.6. Na mama sasa anaulizia bei ya sukuma wiki bila wasiwasi, ingawa bado hunitazama kwa jicho la pembeni nikiazima simu.

Wenzangu, msiseme tena "mtandao ni mbaya" mkaishia hapo. Semeni ni saa ngapi, mara ngapi, sekunde ngapi. Asiye na kipimo hulalamika, mwenye kipimo hudai.

ZOEZI

1. Video ya dakika 5 ilikwama mara 4, kila mara sekunde 15. Tafuta asilimia ya muda wa kukwama.
2. Wanafunzi 15 walitoa alama hizi: watu 6 walitoa 5, watu 6 walitoa 4, na watu 3 walitoa 1. Tafuta wastani. Kisha ueleze kwa nini wastani huo peke yake ungeweza kumdanganya mwalimu.
3. Video inahitaji megabiti 2 kwa sekunde, nao mtandao unaleta 1 tu. Kama kiwango hakishuki, video ya dakika 10 itahitaji dakika ngapi kufika yote?

MSAMIATI

Bafa: akiba ya video iliyokwisha kufika kwenye simu lakini haijaonyeshwa.
Pakiti: fungu dogo la habari linalosafiri mtandaoni.
Pikseli: nukta moja ya picha.
Seva: kompyuta inayohifadhi video na kuituma kwa wanaoiomba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mwanachama wa Chama cha Kiswahili